Picha Mlipiga, Spana Iko Wapi?



Nyuma ya nyumba nyingi za mtaani kwetu kuna kiti cha magurudumu kilichokufa. Kipo uani, kimeegemezwa ukutani karibu na tangi la maji, kimeanikwa nguo. Gurudumu moja halipo, au lipo lakini limepinda. Kitambaa cha kukalia kimechanika. Kwenye mgongo wa kiti bado kuna stika ya mfadhili, na hiyo stika, subhanallah, ndiyo sehemu pekee ambayo haijachakaa.

Mwenye kiti yuko ndani. Yuko ndani tangu kiti kife. Siku aliyokabidhiwa kulikuwa na hema, viti vya plastiki, spika kubwa, mgeni wa heshima na kamera tano. Picha zikaenda Facebook, watu wakaandika maashallah, sisi wengine tukashea. Miezi minane baadaye gurudumu la mbele likagoma, na hakuna aliyerudi na kamera kupiga picha hiyo.

Nataka nizungumze na wewe kuhusu hilo gurudumu la mbele.

Kwanza nikuambie mimi ni nani kwenye haya mambo, usije ukanidhania daktari. Mimi si daktari, si injinia. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, na kazi yangu kubwa ni kuita watu mikutanoni na kuhakikisha wamekuja. Lakini huu mwaka wa tatu niko na kikundi cha vijana tunaotengeneza vifaa vya watu wenye ulemavu: viti, magongo, fremu za kutembelea, viti vya watoto vya kukalia. Tuko kumi na kitu, idadi inapanda na kushuka kulingana na mitihani na vibarua. Wawili ni mafundi wa baiskeli, mmoja ni welda, mmoja ni fundi cherehani, mmoja alisomea umeme pale politekniki. Hatuna ofisi. Tunakutana kwenye karakana ya welda wetu, tunamwaga vifaa kwenye gunia, tunaanza.

Na jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba viti vingi vilivyokufa havijafa kabisa. Kiti kinaletwa mtu akisema "hiki ni cha kutupa," ukikigeuza unakuta beringi ya gurudumu la mbele imeziba. Nywele, nyuzi za leso, mchanga, chumvi ya hewa ya bahari, vyote vimejisokota humo mpaka gurudumu halizunguki. Unafungua, unasafisha, unatia grisi, na kama beringi imekwisha unanunua nyingine kwenye duka la vipuri, bei yake haifiki hata nauli ya kwenda mjini na kurudi. Kiti kinafufuka, na mtu aliyekaa ndani miezi yote hiyo anatoka nje. Kwa sababu ya nywele!

Shida nyingine ni tairi, na hii ntakueleza kwa urefu manake imetutesa. Viti vingi vya msaada vinatoka ng'ambo, na gurudumu kubwa la nyuma limeandikwa 24. Unakwenda kwa fundi baiskeli unamwambia nataka tairi ya 24, anakupa, unafika nayo, haiingii. Kumbe 24 ya kiti na 24 ya baiskeli si kitu kimoja. Ile tairi nyembamba ya kiti inakaa kwenye rimu ya milimita 540, na ile nene ya baiskeli inakaa kwenye rimu ya milimita 507. Namba ya nje ni moja, ndani ni vitu viwili tofauti. Aliyenunua viti mia moja na kuvileta pwani hakuuliza swali hilo. Alinunua kiti ambacho pancha mbili tu zinatosha kukizika, kwa sababu tairi yake haiuzwi Kongowea wala Mwembe Tayari.

Tulichofanya ni kutoa ile rimu, tukaacha kitovu cha katikati, kwa sababu gurudumu la kiti limeshikwa upande mmoja tu, halishikwi pande mbili kama la baiskeli, kwa hivyo huwezi kuchomeka gurudumu la baiskeli zima zima. Kisha fundi wetu anasuka spoki upya na rimu ya baiskeli. Lazima ufanye magurudumu yote mawili, la sivyo kiti kinalala upande. Na ukimaliza, lazima usogeze breki.

Hapo kwenye breki nisikilize vizuri. Breki ya kiti cha magurudumu ni kipande cha chuma kinachobana tairi. Tairi ikiwa haina upepo wa kutosha, au ukiweka tairi ndogo zaidi bila kusogeza breki, basi breki ipo lakini haishiki. Sasa mfikirie mtu yuko kwenye mteremko wa feri Likoni, maji yamekupwa, mteremko umezidi ukali, watu mia tatu wako nyuma yake wana haraka ya kuingia. Anavuta breki na breki haishiki. Mambo kama haya ndiyo yanayonifanya niseme kwamba kazi hii ni ya kujitolea lakini si ya kubahatisha.

Na sisi tumewahi kubahatisha. Nitakueleza, japo sipendi.

Kuna kaka mmoja wa Likoni, umri wetu huu huu. Alipanda mnazi kuangua madafu, akaanguka, uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Kiti chake alichopewa kitambaa kilikuwa kimelegea, amezama katikati kama mtu aliyekaa kwenye machela. Tukakichukua. Tukaondoa kile kitambaa, tukaweka ubao wa plaiwudi, juu tukaweka sponji nyembamba iliyobaki kwenye godoro la mtu, tukashona ngozi ya bandia nyeusi, ikatoka safi. Nilikuwa na furaha ile siku, sikwambii. Nikapiga picha, nikaweka kwenye ukurasa wangu, before na after kama wanavyosema. Ndio, mimi huyu huyu ninayelalamika kuhusu kamera.

Wiki tatu baadaye mamake akanipigia simu. Mwanawe ana kidonda kwenye makalio, kimefunguka, kinatoa harufu. Sisi tukikaa pahali pagumu tunasikia maumivu, tunajisogeza bila hata kufikiria. Yeye hasikii. Alikaa juu ya ule ubao wetu mzuri kutwa nzima, siku baada ya siku, mfupa ukiibana nyama dhidi ya plaiwudi mpaka damu ikakosa njia na nyama ikafa. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, kidonda kama kile kinaweza kuingia mfupani, kinaweza kuingia kwenye damu, na watu wanakufa nacho. Alilala kifudifudi miezi minne. Miezi minne, na alikuwa ameanza biashara ya kuuza kadi za simu na kutengeneza spika ndogo ndogo pale nje kwao. Biashara ikaisha.

Nilipokwenda kumuona sikujua niseme nini. Yeye ndiye aliyeanza. Akaniambia, "Mlinipima kiti, hamkunipima mimi." Kisha akaniomba nimletee maji.

Hakukasirika kwa namna niliyotegemea, na labda ningefurahi angenikasirikia. Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba tulichokosa hakikuwa siri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu kwa nchi zisizo na uwezo mkubwa mwaka 2008, na baadaye mafunzo ya hatua kwa hatua, na yote yako bure. Ndani yake kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji mashine. Mtu akiwa amekaa, unaingiza vidole chini ya mfupa wa kalio, kati yake na mto. Ukiweza kuinua ncha za vidole kama nusu sentimita, mto uko salama. Ukishindwa kuviinua lakini ukaweza kuvichomoa kwa urahisi, hilo ni onyo. Vidole vikibanwa kabisa, mtu huyo asikae hapo. Ni sekunde tano tu! Sekunde tano zingemwokolea kaka yetu miezi minne.

Siku hizi mto tunautengeneza kwa tabaka: sponji ngumu chini, laini juu, na tunachonga bonde pale mifupa inapokaa. Tunamfundisha mwenyewe na mtu wa nyumbani kwake kujikagua kila siku kwa kioo, na kuinama mbele au kuegemea pembeni kila baada ya muda ili nyama ipumue. Kwenye ngozi zetu hizi usitafute wekundu tu kama vitabu vya wazungu vinavyosema. Gusa. Pahali penye joto zaidi au pagumu kuliko pengine ndipo shida inapoanzia.

Na kuna mambo hatuyagusi kabisa. Mguu wa bandia hatutengenezi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hatumuwekei kiti mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo amuone kwanza na atuambie ashikiliwe wapi na asibanwe wapi. Kuna chuo kizima pale Moshi, TATCOT, tangu mwaka 1981 kinasomesha watu kazi ya viungo bandia na vifaa vya mwili. Watu wanakaa darasani miaka. Mimi na spana yangu siwezi kuwafikia kwa sababu nimetazama video mbili.

Turudi kwenye kile kipimo cha vidole. Umeshaona tatizo? Huwezi kumfanyia mwanamke kipimo hicho ukiwa mwanamume, na hata kumpima upana wa nyonga kwa futi ya fundi ni aibu kwake na kwako. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa wanaume watupu. Akina mama na dada wakawa hawaji. Sisi tukasema "wanawake hawana shida nyingi." Ujinga mtupu. Walikuwa na shida zaidi, walikuwa wamefichwa ndani na zaidi, ila hakuna aliyetaka kushikwa nyonga na vijana wa masikani. Wakaingia dada wawili, mmoja yule fundi cherehani, na mwezi uliofuata nusu ya waliokuja walikuwa wanawake. Kuna mama mmoja alikuwa akisota chini kwa miaka kwa sababu kiti chake kilikuwa kipana mno hakipiti mlango wa choo. Dada, kama unasoma hapa ukidhani mambo ya spana ni ya wanaume, wewe ndiye tunayekutafuta.

Sasa wacha nijibu yale ninayoambiwa kila nikiandika kuhusu hii kazi.

La kwanza, na linatoka kwa wanaharakati wenzangu: "Mnaisaidia serikali kukwepa wajibu." Hoja hii naiheshimu. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 hakisemi mtu mwenye ulemavu ataonewa huruma. Kinasema ana haki ya kutendewa kwa heshima, ana haki ya kufika mahali pote inavyowezekana, na ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vikwazo vya ulemavu wake. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Sheria ya 2003 ilitaka majengo ya umma yarekebishwe, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya. Kuna baraza la taifa, kuna mfuko. Kwa hivyo kijana akiniambia "kwa nini wewe ununue beringi na mtu ana haki yake kikatiba," hajakosea.

Lakini yule mama anayesota hawezi kusubiri kesi iishe. Hilo la kwanza. La pili, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu: ni kwenye karakana ndipo tulipopata ushahidi wa kuidai serikali. Tuna daftari. Kila kifaa kinachoingia tunaandika: kimetoka wapi, kilitolewa lini, kimevunjika nini, mwenyewe amekaa bila kifaa kwa muda gani, tumetumia shilingi ngapi. Majina hatuandiki, tunaweka namba. Nenda kwenye kikao cha ushiriki wa umma useme "walemavu wanateseka," watatikisa kichwa na kukuandika kwenye kumbukumbu. Nenda na daftari useme viti vyenu mlivyonunua kwa pesa zetu vinaharibika pale pale mbele ndani ya mwaka, na hakuna hata shilingi moja kwenye bajeti ya vipuri. Uone kama hawatatulia.

Sisi tulikwenda. Afisa mmoja, simtaji na ofisi siitaji, akatuambia pesa za viti zipo lakini za matengenezo hazina kifungu. Yaani kununua kiti kipya kunawezekana, kununua beringi ya kiti kilichopo hakuwezekani. Nikamuuliza gari la ofisi yake likipata pancha wananunua gari jipya? Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa hivyo shika kalenda. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kuwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Ukingoja mwezi wa sita umechelewa. Na kabla hujakwenda, andika barua kwa sheria ya kupata habari ya 2016, uulize wamenunua vifaa vingapi, kwa bei gani, vya aina gani, na matengenezo yametengewa ngapi. Wana siku 21 za kukujibu. Barua ni karatasi moja tu. Ukiwa hujui kuiandika tuandikie inbox, tutaandika pamoja.

Jambo la pili ninaloambiwa linatoka kwa wafadhili na matajiri wetu, na wao Mwenyezi Mungu awalipe kwa nia zao: "Si bora tununue viti vipya tu?" Kila Ramadhani tunapigiwa simu hii. Kiti kipya kinapigika picha, na beringi haipigiki picha. Lakini ukinipa bei ya kiti kimoja kipya nitakurudishia viti kadhaa vilivyokuwa vimekufa, pamoja na mito, na watu watakaorudi mwezi ujao kukagua. Kama lazima ununue kipya, uliza maswali matatu kabla hujatoa pesa. Tairi yake inauzwa hapa? Kinakuja kwa vipimo tofauti au kimoja kwa wote? Nani atakuwa na spana mwaka ujao?

Manake kiti si shuka. Hakuna kiti cha saizi moja. Ni kiatu. Mtoto wa miaka saba akiwekwa kwenye kiti cha mtu mzima, anakaa amepinda, na mgongo wake unakua umepinda hivyo hivyo.

Mawazo haya si yangu, na hayakutoka kwa watu wenye uwezo kutuzidi. Kuna Mmarekani anaitwa Ralf Hotchkiss, alivunjika mgongo kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966 akiwa mwanafunzi. Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua akakuta vijana wanne wanatumia kiti kimoja kwa zamu, na wale vijana wamekifanyia marekebisho wenyewe mpaka kinashinda cha kwake kilichotoka kiwandani. Yeye injinia akakaa chini akajifunza kwao. Kutoka hapo likaja wazo la viti vinavyotengenezwa kwa vitu vya duka la baiskeli na chuma cha jua kali, na michoro yake akaiachia watu bure.

India vilevile. Mguu wa Jaipur, ule ambao mtu anaweza kutembea nao pekupeku, kuchuchumaa na kulima nao shamba la mpunga, ulitoka mwishoni mwa miaka ya 1960 mikononi mwa daktari wa upasuaji, P. K. Sethi, na fundi sanaa, Ram Chandra Sharma, ambaye hakusoma sana. Miguu ya kutoka ng'ambo ilikuwa ya kuvaliwa na kiatu, na India mkulima havai kiatu shambani. Daktari alijua mifupa, fundi alijua mpira. Na Zimbabwe kulikuwa na mwalimu mstaafu, Bevill Packer, aliyefundisha watu kutengeneza viti na meza za watoto wenye ulemavu kwa maboksi na magazeti makuukuu yaliyogandishwa kwa uji wa unga, ngumu kiasi cha kukaliwa. Tumeujaribu huo wa karatasi. Unafanya kazi, ila hapa kwetu na unyevu huu wa pwani lazima uupake varnishi vizuri sana na usiuache nje mvua za masika. Wa kwetu wa kwanza uliliwa na mchwa. Basi.

Ukitaka kujua ukubwa wa shida, WHO na UNICEF walitoa ripoti mwaka 2022: watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha usaidizi, miwani ikiwemo, na karibu bilioni moja hawakipati. Kwenye nchi maskini wapo mahali ambapo wanaopata ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji. Kwetu Kenya, sensa ya 2009 ilisema wenye ulemavu ni asilimia 3.5, ya 2019 ikasema asilimia 2.2, kama watu laki 9 hivi. Najua maswali yalibadilishwa na watoto chini ya miaka mitano hawakuhesabiwa. Lakini mimi ninayebisha milango nakwambia wapo ambao mhesabu alifika mlangoni akaambiwa "humu tuko watano," na wa sita yuko chumba cha nyuma.

Nimalizie na jambo linalotugusa sisi wenyewe kabla hatujanyooshea kaunti kidole. Msikiti wako una ngazi ngapi?

Nimeuliza hivi kwenye mkutano wa vijana na nusu hawakujua, kwa sababu mwenye miguu hahesabu ngazi. Wetu una tatu, kila moja sentimita kama 15. Kamati ilikubali haraka kuweka mteremko, na fundi akamwaga zege siku moja. Ulikuwa mfupi na mkali, wa kuingizia pikipiki. Kaka yetu wa Likoni akaja kuujaribu, kiti kikataka kumwangusha kinyumenyume. Kanuni inayotumika ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za 15 ni sentimita 45, kwa hivyo mteremko unataka mita 5.4. Wa kwetu ulikuwa na mita moja na nusu. Ikabidi uvunjwe na ujengwe tena ukizunguka ukuta, na kuna wazee mpaka leo wanalalamika umekula pahali pa viatu.

Kisha likaja la zulia. Magurudumu yamepita njiani, yamepita kwenye maji machafu, yataingiaje msikitini? Mtu alikuwa akiambiwa aache kiti nje abebwe, mtu mzima na ndevu zake, abebwe kama mtoto mbele za watu. Wengi waliamua kuswali nyumbani tu. Dada yetu fundi cherehani akashona mifuko ya kitambaa yenye lastiki, inavalishwa magurudumu mlangoni na inavuliwa wakati wa kutoka. Kitambaa chenyewe ni cha mapazia ya zamani. Kwa miaka tulikuwa tunaambiana ni suala gumu la fiqhi, kumbe lilikuwa suala la lastiki.

Yule kaka wa madafu ndiye mkaguzi wetu sasa. Hakuna kiti kinachotoka karakana kabla hajakikalia, hajakipeleka barabarani na kukirudisha. Anatukatalia kazi kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Wiki iliyopita amemrudisha fundi wetu mara tatu kwa sababu ya sehemu ya kuwekea miguu iliyokuwa juu kidogo, mapaja yalikuwa hayalali vizuri kwenye mto na uzito wote ulikuwa unarudi kwenye makalio. Biashara yake ya spika ameianza tena, polepole. Na kila nikitoa simu kupiga picha ananitazama tu.

Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya alasiri. Ukija na spana namba 10 na 13 umetusaidia, ukija na alen ki za milimita 4, 5 na 6 umetusaidia zaidi, manake zetu zinapotea kila mara na sijui nani anazichukua. Usije na kiti kipya. Zungukia kwanza nyumba za jirani zako, uulize kama kuna kiti kimekaa uani. Kabla hujakibeba, ingia ndani umsalimie mwenyewe, umuulize yeye kinamsumbua wapi.

Tuandikie inbox tukuelekeze pahali.